Wiki Sita za Mkate

Saa tisa za usiku Kadutu bado imelala,
mimi tayari nina unga mpaka kwenye kope.
Nakanda. Donge linavutika, halikatiki,
linarudi mkononi kama mtoto aliyekaripiwa.
Kwa mvuto huo watu wananiita fundi.
Sikujua kama una jina.

Nsimire ana miaka sita, uzito wa mtoto wa mitatu,
tumbo mbele, miguu kama vijiti vya kukaushia sambaza.
Tulimpa dawa ya minyoo mara tatu.
Tukampa ya amiba. Tukampa ya tifoidi.
Mama Cirhuza akanong'ona pale bombani: bwaki.
Bwaki! Katika nyumba inayonukia mkate
kabla jogoo hajakohoa!
Nilimjibu vibaya, na hadi leo sijamwomba radhi.

Aliyeona kwanza ni Nabintu.
Mvua ilipoikata barabara na unga ukakwama njiani,
siku kumi na tisa tulikula bugali wa muhogo na sombe,
na Nsimire akaruka kamba.
Unga ukafika. Kamba ikabaki ukutani.
Nabintu hakusema neno.
Aliuondoa mkate kwenye sahani ya mtoto,
kisha akaitazama mikono yangu.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, kalamu mbili nyweleni.
"Ndani ya ngano mna kitu," akasema, "gluteni.
Ndicho kinachofanya donge livutike."
(Kumbe lina jina, hili ninalolishika kila usiku.)
"Mwili wa mtoto unakidhani adui,
unaunda kingamwili, askari wa kumlinda,
na askari hao wanaipora nyumba waliyotumwa kuilinda."
Nikasema, "Askari wa namna hiyo tunawajua."
Hakucheka.

"Basi mpime damu."
"Anakula mkate?"
"Tumemkataza. Huu mwezi wa tatu."
Akaweka karatasi chini.
"Basi damu itaficha. Askari wakisharudi kambini
utamhesabu nani?
Mpeni mkate. Kila siku, wiki sita. Kisha mrudi."

Nimeoka miaka kumi na saba.
Sikuwahi kuoka kwa mkono unaotetemeka.
Asubuhi kipande, jioni kipande,
Nabintu akigeukia dirisha, akiitazama Ruzizi,
mimi nikisema kula, mama, kula,
na yeye, kwa kuwa ananipenda, akala.
Wiki ya pili tumbo likarudi.
Ya tatu, kuhara usiku kucha.
Ya nne akaniuliza: Baba, nimekosa nini?
Sikuwa na jibu linalomtosha mtoto.

Kasereka wa labo akamfunga mpira mkononi,
akatafuta mshipa kama mtu atafutaye funguo gizani.
Damu kidogo tu,
kidogo kuliko hamira ninayotia kwenye beseni moja.
Ikalazwa juu ya barafu, ikavuka daraja kwenda Kigali,
safari ambayo mwenyewe hajawahi kwenda.
Tukangoja siku kumi na moja.

Karatasi ilirudi na herufi nisizozielewa
na tarakimu niliyoielewa.
"Kikomo ni kumi," daktari akasema.
"Yeye ana mia moja themanini na nne."
Mimi ni mtu wa mizani, kuzidi nakujua.
Nabintu akalia.
Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi:
hatukumtesa bure.

Bado naoka. Ada ya shule, kodi,
hata pesa za kipimo kile, vyote vimetoka tanurini.
Lakini shati la kazi halivuki kizingiti.
Naoga nyuma ya nyumba, maji ya baridi,
kucha kwa brashi, masikio, shingo.
Nsimire ameketi kwenye ngazi na muhogo wake wa kuchoma,
ananikagua kama mtu wa forodha.

"Baba. Bado kwenye kope."

Narudi kwenye ndoo.