Chini ya Cherehani Namba Kumi na Nne

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
niliinama kutafuta bobini iliyoniponyoka,
wiki yangu ya pili kazini, theluji ikigonga kioo,
na pale chini ya ubao vidole vikasoma kabla ya macho:
GWENLLIAN. Na mwaka, themanini na saba.
Limechongwa kwa ncha ya mkasi, herufi zimekaza meno.

Sikujua ni jina la mtu au la sabuni.
Fundi Vendelin, aliyezitoa mashine masandukuni,
akaniambia zilitoka Welisi, bondeni,
kwenye kiwanda kilichofungwa Ijumaa moja saa nane mchana.
"Kule mishahara ilikuwa mikubwa," alisema,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa marehemu.

Sisi tulishangilia. Sitaficha.
Mji wetu wa Slovakia ulikuwa na mto, kanisa,
na vijana wanaopanda basi la Viena wasirudi.
Ushuru ulipofutwa meya alikata utepe,
bendi ya zimamoto ikapuliza tarumbeta,
na mimi, Zdenka, binti wa mtengeneza mapipa,
nikapewa kofia ya kitambaa na namba.
Kola za mashati. Mia nne na ishirini kwa siku.
Miaka kumi na tisa: zidisha mwenyewe,
mimi hesabu hiyo huniumiza shingo.

Nilinunua jokofu. Nilimsomesha Radovan.
Niling'oa meno mawili nikatia mengine.
Jina lile nililipapasa kila Jumatatu
kama mtu agusaye mfuko kuhakikisha funguo zimo.
Mwenzako akinyolewa, husemwa, zako tia maji.
Mimi zangu nilizisuka.

Februari walikuja wawili wenye suti nyembamba,
wakasimama mbali na mvuke wa pasi.
Walisema soko. Walisema huria.
Nilitafuta uhuru ndani ya neno hilo,
nikakuta wanafanana tu kwa sura,
kama ndugu wa baba mmoja wasiosemezana.

Kisha wakatupa kiinua mgongo:
mishahara ya miezi mitano, kwa mgongo
ambao hata daktari amekata tamaa ya kuuinua.

Bozena alilia chooni, bomba akilifungulia tusimsikie.
Vendelin alifungua skrubu zilezile alizozikaza.
Nami nikapewa tiketi: wiki tatu Gazipuri,
kumfundisha atakayekaa kwenye kiti changu.
Mashati huvuka bila viza.
Mimi niliomba, kwa picha mbili na barua.

Anaitwa Shefali. Miaka ishirini na mbili,
mtoto amemwacha kwa mama yake, safari ya usiku mzima.
Siku ya kwanza tu aliishika kola
kwa namna nisiyoweza kuifundisha wala kuichukia,
na chuki nilikuwa nimeibeba, imekunjwa vizuri sandukuni.
Joto. Mapangaboi. Jasho likanijaa kwenye miwani;
akanifutia kwa ncha ya mtandio wake, hakuniuliza.

Siku ya mwisho bobini ilimponyoka.
Aliinama. Akakaa kule chini
muda mrefu kuliko bobini inavyostahili.
Alipoinuka alinyoosha vidole viwili,
kisha kimoja kikanielekea: wewe ni nani kati yao?

Nilimwonyesha. ZDENKA, la pili,
nililichonga usiku wa kufunga,
mkono ukitetemeka hadi K ikapotea njia.

Mkalimani alikuwa nje, anavuta sigara.
Shefali akaonyesha mashariki, kisha kusini, kisha popote,
akapandisha nyusi.
Hilo halikuhitaji mkalimani.

Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na mkasi.
Nikampa, mipini ikielekea kwake.
Kengele ililia, msimamizi akapiga makofi, haya, haya,
na kola ilikuwa bado haijageuzwa.
Yeye alikuwa kule chini, akiupima ubao kwa kiganja.
Herufi yake ya kwanza aliibana sana,
karibu ikwaruze jina langu,
ili chini ibaki nafasi.