Dirisha Namba Tatu

Kioo kina tundu la kupitishia sauti,
na chini yake mwanya wa kupitishia pesa.
Miaka kumi na mmoja nimekaa upande huu,
najua ni lipi kati ya hayo mawili
lilichongwa kwanza.

Leo wa kwanza ni Syombua,
muuza viatu vya watoto, soko la Kariobangi.
Jana simu ilimhoji hadi chaji ikaisha:
Paa lako ni bati au vigae?
Choo ni chako au cha ploti?
Unapikia nini? Una redio?
Alijibu kweli, mama wa watu,
hata redio akaitaja, ile iliyokufa masika.
Mfumo ukapiga hesabu, ukamwandikia
mchango wa mwaka mzima, alipe kwa mkupuo.
"Kwani redio ndiyo imenitajirisha?"
Sina kitufe cha kujibia swali hilo.

Nyuma yake foleni imegeuka bunge.
Mwalimu Kirigia anapunga hati ya mshahara:
"Mimi hukatwa kabla sijauona.
Na sijaugua tangu mvua za El Ninyo!"
"Basi shukuru," asema Ogada, fundi wa masanduku,
kidole amekifunga leso, leso imelowa.
"Mgonjwa wa leo ni mzima wa jana."
"Kwa hiyo nikulipie?"
"Leo wewe, kesho mimi."
"Hiyo kesho una risiti yake?"
Wakacheka, hata waliokuwa wakikohoa,
foleni ikasogea nusu hatua.

Kisha kutoka kwenye benchi, ajuza mwenye koti la manjano,
bila kuinua uso:
"Mnagombania nani alipe.
Bei, je? Bei ilipangwa na nani?"

Hakuna aliyecheka.
Nami nikaisoma bili ya Syombua
kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe.
Mutuku, miaka miwili, kichomi.
Oksijeni, kwa saa.
Glavu, jozi arobaini na mbili
(mtoto ana vidole kumi, nimemhesabia).
Kitanda, siku tisa.

Daktari alimruhusu siku ya nne.
Tano zilizobaki alikuwa mzima,
akikimbia wodini na kiatu kimoja,
akisubiri mama apate pesa za kitanda
alichokuwa akilalia kwa sababu mama hana pesa.
Deni limezaa kitanda, kitanda kimezaa deni,
na mkunga wao ni mimi.

Nikafuta siku tano.
Kompyuta ikauliza: Sababu?
Kisanduku chenyewe kidogo, herufi ishirini basi.
Nikaandika: *alikuwa amepona*.

Mashine ikatapika risiti.
Syombua akaikunja mara nne, akaitia kifuani,
bado anadaiwa, bado ana swali la redio.

Mkaguzi huja Alhamisi.
"Anayefuata," nikasema tunduni,
na Ogada akaleta kidole chake mwanyani,
mahali pa pesa.