Novena ya Karatasi

Baba alisema stakabadhi imepotea.
Magunia matatu ya korosho, kilo mia mbili na kumi na mbili,
kayafikisha ghalani usiku kwa baiskeli,
na karatasi, eti, imedondoka njiani
kati ya Chama cha Msingi na mto Lukuledi.

Gaudensia akasema: Antoni wa Padua.
Yeye ndiye wa vilivyopotea.
Bibi yangu alimwomba akapata sindano,
mama akapata mbuzi,
ingawa mbuzi alikuwa kwa jirani, na keshazaa.

Tulikuwa wanne, wa darasa la Kipaimara,
saa moja jioni, uani kwetu, Nyangao.
Sanamu hatuna. Tuna kalenda ya jimbo ya mwaka juzi,
ukurasa wa Juni: Antoni kambeba Mtoto,
na pembeni duara jeusi
mahali Mama alipowahi kuweka sufuria.

Odilo, anayemchosha hata Katekista Nnunduma kwa maswali,
akauliza siku ya kwanza:
Mtakatifu wa Padua atajuaje njia ya ghala letu?
Mauri akamjibu:
Wewe unajua njia ya Padua?
Akanyamaza. Tukaanza.

Rozari yangu ni ya mbegu za mtasubihi.
Mchana nilikuwa nabangua korosho za kuokota,
na mafuta ya maganda hayana huruma,
yanachubua, yanaacha kucha nyeusi.
Kila Salamu Maria ikapata doa lake.
Kufika siku ya nne
nilijua niko fumbo la ngapi kwa kuwashwa tu.

Tuliweka nadhiri: mkate kwa maskini.
Mkate ni wa dukani, na duka ni pesa.
Tukasema basi muhogo.
Gaudensia akasema nadhiri haishushwi bei.
Mauri akasema mbona korosho mnadani zinashushwa
na hakuna anayeungama.

Siku ya tano Baba alipita na ndoo, hakutuitikia.
Siku ya sita alikohoa nyuma ya mlango.
Ya saba hakuwepo.
Siku ya nane alitoka, akapiga magoti mchangani,
nje kidogo ya mkeka,
akaisali nasi Baba Yetu
mpaka *utusamehe makosa yetu*.
Hapo sauti ikakatika kama kamba ya kisimani.

Hakuna karatasi, akasema.
Zile zilikuwa za kangomba.
Niliziuza mwezi wa nane, zingali maua.
Akatazama kalenda, hakunitazama mimi.
Ulihitaji viatu vyeupe.

Jikoni Mama akaacha kupepea moto.

Viatu vyangu vilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi,
ncha zake bado zimejazwa karatasi.
Usiku ule niliitoa, nikaikunjua yote,
sijui nilitegemea kusoma nini.

Kesho yake Odilo akauliza kama ya tisa ina haja,
maana tunatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo.
Tisa ni tisa, akasema Gaudensia.
Tukasali. Karatasi hatukuitaja,
kila mtu na nia yake, na ya kwangu sikuimaliza.
Mama alikuja akakaa mbali na Baba,
lakini mkeka ule ule.

Muhogo tuliupeleka kwa Bi Somoe, anayeishi peke yake.
Tulimkuta kizingitini na tasbihi,
mbegu zilezile kama zangu, ila zake safi.
Akamaliza kwanza duru yake, ndipo akapokea.

Sadaka ya nani hii?
Ya Antoni, bibi.
Antoni yupi, huyu fundi baiskeli?
Hapana. Mwingine.

Akafunua sahani, akamega, akatafuna taratibu
kwa jino lake la upande.
Mwambieni Mungu amzidishie, akasema.
Na siku nyingine atie chumvi.