Elfu Thelathini na Mbili

Kamera ya Malkhazi ilinunuliwa Batumi
kwa pesa za mahindi, mwaka ule umeme ukikatika
kila jioni hapa Kutaisi. Kanda kumi na moja
zimelala ndani ya kopo la biskuti
miaka ishirini, zikinuka mdalasini.

Mama anatimiza sabini Jumapili.
Nikasema nitazigeuza zote ziwe faili,
azitazame kwenye runinga,
amwone baba akiwa na nywele.

Picha ilikuja safi. Sauti ikaja kiroja.
Baba, Zauri mwenye koo la pipa tupu,
dereva wa treni za makaa ya Tkibuli,
aliyekuwa akisema neno na madirisha yakaitika,
anapiga kelele kama kifaranga aliyebanwa na mlango.
Anainua pembe ya mvinyo, anawaombea wafu,
na maombi yanamtoka mbio
kama mtu aliyemwona mdai wake.
Dakika ya arobaini sauti imeshafika nyumbani,
imevua viatu. Picha bado iko njiani:
dakika ishirini za midomo
inayofunguka na kufunga, haina kitu ndani.

Nililaumu kanda. Nililaumu waya wa bei rahisi.
Nikapata programu ya kusafisha kelele,
nikaikaza, nikaikaza tena,
ikala mngurumo wa jokofu, ikala sahani,
ikala mto Rioni uliokuwa ukipita chini ya dirisha,
na baba akabaki akiongea
kama aliyefunikwa ndoo,
tena bado mbio.
Usiku wa tatu nilikuwa na faili kumi na nne
zenye majina ya aibu: mwisho, mwisho-mbili,
mwisho-kweli, mwisho-haki-ya-Mungu.

Siri haikai katika nyumba ya kuta nyembamba.
Mama alisimama mlangoni na sweta la marehemu,
Tsiala, miaka thelathini kiwanda cha hariri,
anayejua kwa sikio ni uzi upi utakatika.
Akasikiliza. Akacheka kidogo, puani.
“Hajaharibika huyo. Unamkimbiza.
Mashine ikilia hivyo hatukugusa uzi,
tulitazama gurudumu.”
Akazima taa ya jikoni, akaenda kulala.

Gurudumu.
Nilifungua ukurasa wa mipangilio
ambao siku zote naupita nikiitikia ndiyo, ndiyo.
Kamera ile, kwa ubahili wa enzi zake,
ilikuwa imepima sauti mara elfu thelathini na mbili
kwa kila sekunde. Kompyuta yangu, kwa ujuaji,
ikaandika arobaini na nane.
Basi hakuna kilichopotea. Chembe zote za baba zilikuwapo.
Haba na haba hujaza kibaba, na kamera ilikijaza
saa nzima, bila haraka;
mimi ndiye niliyekipindua.

Nikabadilisha tarakimu. Nikafuta zile faili kumi na nne,
na usafi wangu wote.

Jumapili shangazi wawili walibanana kwenye kochi,
mkate wa jibini unapoa, hakuna anayeugusa.
Nilitaka kuanza na maombi ya wafu,
yale mazuri. Kidole kikateleza,
kikaangukia mwanzo wa kanda ya nne:
jokofu linanguruma, uma unaanguka,
mto upo, unapita zake,
na kutoka chini kabisa mwa lile pipa,
polepole, kwa koo lake lote:

“Nani kachukua chumvi?”

Mama hakulia. Mkono wake ulimtangulia,
ukasukuma kikopo cha chumvi
hadi upande wa meza usio na mtu.
Tukakitazama pale.

“Usimpe,” akasema shangazi Nazibrola,
akijifuta macho kwa kitambaa cha meza.
“Huyo alitia chumvi mpaka kwenye hadithi.”