Mchujo

Barua iliingia Jumanne, kwenye simu ya Rinya,
akiwa juani anageuza pilipili manga mkekani.
Sitini wameitwa. Wanane watachukuliwa.
Siku tatu, hoteli moja ya Kuala Lumpur:
njoo na vyeti halisi, viatu vya michezo
na nguo za heshima.

Heshima tunayo, ya kuazima:
koti la binamu Sulau, alilovaa mara moja tu,
mahakamani,
na akashinda kesi.

Mkufunzi ni mimi. Nani mwingine?
Katika nyumba ndefu yetu, milango ishirini na miwili,
ni mimi tu niliyewahi kukikalia kile kiti.
Miaka saba imepita. Siku hizi naziba matairi mjini Kapit.

Jioni, kabla jenereta halijazimwa,
nawapanga benchini mama, mjomba Unchat na bibi:
majaji watatu, mmoja anatafuna tambuu.
"Tueleze kuhusu wewe."
Rinya anaeleza. Sauti yake inazama mwisho wa kila sentensi
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Rudia, namwambia. Anarudia.
Zamu ya bibi. Anauliza: "Umekula?"
"Bibi, hilo hawataliuliza."
"Basi watakujuaje?"

Nimempa yote niliyoyajua nikiwa nimechelewa:
usiseme "ndoto yangu tangu utotoni",
wote sitini wameiota hiyo;
wakiwapa magazeti na gundi mjenge mnara
usiwe wa kwanza kunyakua mkasi
wala wa mwisho kufungua kinywa;
chakula cha usiku nacho ni mtihani,
kuna mtu anatazama nani amemshukuru mhudumu.
Mkono ukipewa, ushike kama mpini wa panga,
si kama samaki wa jana.

Moja tu nililificha.

Mimi waliniuliza: "Ukikosa ufadhili huu, utafanya nini?"
Nilikuwa na majibu arobaini,
ya maji safi, ya bei ya mafuta, ya uongozi.
Nikasema: "Sitakosa."
Wakatabasamu. Kisha wakaandika, wote watatu kwa pamoja,
na kalamu zikalia kama mvua inayoanza
juu ya bati la jirani.

Mama anakamua nazi ya wali wa safari.
Tui linashuka, machicha yanabaki juu ya chujio.
Mchujo. Neno hili nimelitafuna miaka saba
na sijaamua mimi niliangukia upande gani.
Chini ya sakafu kuku wamenyanyua vichwa.
Wao hawana shaka: wanasubiri machicha.

Usiku wa mwisho nikamuuliza.
"Rinya. Ukikosa?"
Akanyamaza. Mjomba akakohoa.
Jenereta likakata, taa zikafa mlango hadi mlango,
na bado hajajibu. Nikahesabu pumzi.
Kisha, kutoka gizani:
"Nitarudi. Koti ni la Sulau, lazima lirudi.
Nitalala siku mbili.
Halafu nitakuuliza wewe ulifanyaje."

Hakuna aliyecheka ila bibi.
"Jibu hilo ni zuri?" mama akanong'ona.
Sikujua. Mimi sijawahi kushinda.

Alfajiri, gatini, boti ya Sibu inanguruma.
Amevaa raba; viatu vyeusi viko mfukoni
visichakae kabla ya kuonekana.
Nilidhani atanikumbatia. Akanyoosha mkono,
macho usoni pangu, mgongo wima, kama nilivyomfunza,
akaubana wangu hadi vifundo vikalia.

Alipouachia, kiganja chake kilikuwa na alama nyeusi,
grisi ya matairi, vidole vyangu vinne na gumba.
Akaitazama.
Nilitaka kusema: usiifute.
Nikasema: "Nawa kabla hujaingia."