Mzunguko wa Adhabu

Friji lilikuwa kuukuu, chapa imefutika,
ghorofa ya tatu, Upanga.
Nilipanda na mtungi wa gesi begani.
"Karibu fundi," akasema Bi Bojena.
Kiswahili chake kina changarawe kwenye herufi r,
lakini ngeli hakosei.

Mimi huanza na kuyeyusha.
Nikashika swichi; akanishika mkono.
"Hapo juu usiyeyushe."
Miaka kumi na tisa Keko, naua barafu kwa maji ya moto na kisu butu,
sijawahi kuambiwa barafu ina mwenyewe.

Akafungua. Kando ya changu wawili na mfuko wa bamia
kulikuwa na glavu moja ya ngozi, ya kulia,
kidole cha shahada kimekatwa ncha.
"Kabatini inaota ukungu. Dar inakula ngozi.
Na hiyo ndiyo shahada yangu, fundi. Sina nyingine."

Basi nikiwa kifudifudi, tochi mdomoni, nikipekua nyaya,
akanieleza kazi aliyoifanya ujanani huko Polandi:
mbao mbili miguuni, bunduki mgongoni,
unateleza juu ya theluji mpaka pumzi inakereza koo kama msumeno,
kisha unajitupa tumboni, kama wewe hapo,
mbele yako shabaha tano, mita hamsini,
kila moja upana wa ndimu.
Zamu nyingine unapiga umesimama.
Hapo wanakuonea huruma, wanakuwekea dodo.

"Jicho halipigi risasi," alisema.
"Unapiga kati ya pigo la moyo na pigo.
Pale pana chumba kidogo. Nilikaa humo miaka kumi na minne."

Ukikosa moja, kuna mzunguko wa adhabu:
mita mia na hamsini, duara tupu,
wenzako wanatokomea msituni
na wewe unazunguka kama ngamia wa kinu.

Alianza wa sitini na mbili. Akawa wa thelathini, wa kumi na tisa, wa sita.
Alivunjika bega, likaungwa vibaya, likavunjwa tena.
Msimu mmoja chama hakikuwa na hela,
akazipaka mbao zake nta kwa pasi ya mkaa ya bibi yake.

Halafu ile siku, zamu ya mwisho, amesimama, anaongoza.
Nne zikaanguka.
"Na ya tano?" nikauliza, tochi ikanidondoka.
"Ya tano bado iko njiani."

Watatu wakapanda jukwaani.
Wa nne akapewa blanketi na supu.

Lakini kwenye lile duara, nyuma ya kamba,
alisimama mwanafunzi mmoja wa uhandisi, Elifuraha Kisamo,
makoti mawili, midomo imepauka,
maana tiketi za mstari wa mwisho zilimshinda bei.
Wengine walimwona akimaliza.
Yeye alimwona akizunguka, akapiga makofi peke yake,
kwa glavu, hayasikiki.
Picha yake iko ukutani, juu ya redio. Ana mwaka wa tatu Kinondoni.

Umeme ukakatika. Nyumba ikatulia,
na mimi nikakumbuka kapasita: nimeiacha chini, kwenye boksi la pikipiki.
Nikamwambia.
Alicheka mpaka akashika kiti.
"Mzunguko wa adhabu, fundi!"

Nikashuka. Nikapanda.
Kwenye ngazi ya mwisho nikasimama kuusikiliza moyo,
kile chumba nikakitafuta;
nilisikia jenereta la jirani tu.

Umeme uliporudi mota ikaguna, ikashika.
Glavu ilikuwa bado ina theluji yake.
Nikarudisha bati la nyuma, skrubu nne zikaingia vizuri.
Ya tano ikabingirika chini ya kabati.
Nikainama.
"Iache," akasema.