Umeme Ulipokatika Saluni kwa Nurys

Umeme ulikatika saa tisa na dakika kumi, Jumamosi,
na Bi Eridania akiwa nusu:
kulia nywele zimelala kama shuka iliyopigwa pasi,
kushoto bado zimeamka, zinauliza kuna nini.
Harusi ya mwanawe ni saa kumi na mbili.
Mtaa mzima wa Los Minas ukapiga mwayo mmoja
na draya ikafa mkononi mwa mama,
ikiwa bado ya moto.

"Watarudisha," akasema mama.
Alisema hivyo pia mwaka wa kimbunga.

Miaka thelathini na minane mama ananyoosha.
Rola, pini, joto, mafuta, joto tena.
Humu ndani maji yalikuwa hatua ya kwanza tu,
baada ya hapo, adui:
wateja walitoka na mifuko ya plastiki kichwani
wakitazama mawingu kama watu wanaodaiwa.
Nywele zetu ziliitwa mbaya,
kama mtoto aliyevunja sahani.
Zangu nilizikata zote nikiwa na miaka ishirini na sita,
zilizoungua, zilizokatikia pembamba kama kamba,
na mama hakunisemesha Kwaresima nzima.

Sasa ananitazama. Bi Eridania ananitazama.
Hata mbwa wa jirani ameingia kutazama.

Nikasema: leteni ndoo.

Nikazirudisha zote majini, zilizolala na zilizoamka,
mama akafumba macho kama mtu anayeona pesa zikichomwa.
Sabuni kidogo, kwenye ngozi tu,
kwa nyama za vidole, si kwa kucha.
Kondishena tele, hadi ziteleze kama bamia.
Kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani.
"Nchani?"
Nchani, mama. Fundo halifukuzwi kutoka juu,
ukilisukuma linakwenda kuwaita ndugu zake.
Unashika hapa, juu ya fundo, ili kichwa kisisikie,
unalegeza, unapanda,
unalegeza, unapanda,
na Bi Eridania, aliyezoea kulia kila Jumamosi
na kukiita kilio hicho urembo,
akasinzia.

Taulo nikalikataa. Taulo lina kucha.
Nikachukua fulana ya pamba ya kaka yangu Wilkin,
nikazifumbata kuelekea juu, bila kusugua.
Halafu jeli ya mbegu za kitani, niliyoichemsha jana,
ikaganda kama ukoko wa sukari.
Mama akaguna: "Umemfanya waya."
Subiri. Zikikauka tutauvunja ukoko kwa viganja.
Ukizigusa mbichi ndipo zinapotimka.

Upande wa kulia haukukubali wote.
Joto la miaka mingi halifutwi kwa ndoo moja.
Zilining'inia tu, zimesahau pa kujikunjia,
nikazisokota kwa kidole, mojamoja, nikazibana.
Sitaki kudanganya: kwa nyuma alionekana kama aliyelala garini.
Lakini mbele!

Akasimama mbele ya kioo, kwa mwanga wa mlangoni.
Akavuta msokoto mmoja hadi begani, akauachia,
ukaruka kurudi sikioni.
Akauvuta tena.
Alikuwa na miaka hamsini na tisa
na sidhani kama walikuwa wamewahi kukutana.

Mvua ilianza akiwa kizingitini.
Mama, kwa mazoea, akamkimbilia na mfuko wa plastiki.
Bi Eridania akaupokea, akashukuru,
akatia viatu vyake ndani, akaenda.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Draya ikavuma peke yake mezani. Mama akaizima.
Kinyozi hajinyoi: kitambaa cha mama
sikuwahi kukiona kikifunguliwa mbele ya mtu.
Akakifungua.
Mvi, fupi, kavu kama nyasi za Machi,
na juu ya masikio, huku na huku,
ngozi tupu inayong'aa, pale rola zilipovuta.
"Hapa hapaoti tena," akasema. "Najua. Anza kwingine."
Akakaa kwenye kiti cha wateja.
"Nchani," akaongeza,
kana kwamba mimi ndiye niliyesahau.